Kuingia jikoni kikazi baada ya miaka 40

Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Kwa kipimo hicho, mama aliyemaliza kusomesha watoto akiwa na miaka 44 bado ana miaka 16 ya kazi mbele yake, na baba aliyepunguzwa kiwandani akiwa na 48 ana 12. Kwa anayejituma, miaka mitatu au minne inatosha kumtoa kwenye kumenya vitunguu hadi kuaminiwa kusimamia jiko. Hesabu inalipa. Kwa hiyo sitatumia nafasi hii kumbembeleza mtu kwamba hajachelewa. Nataka tuzungumzie namna ya kuutumia muda huo, maana watu wazima wengi huupoteza kwa njia mbili: wanalipa ada ya chuo kabla hawajasimama hata zamu moja jikoni, au wanajifunza kupamba keki huku kazi waliyoilenga ni kulisha watu 300 msibani.

Mtu mzima anayependa kupika tayari ana ulimi. Anajua chumvi iliyopungua, anajua nazi iliyochacha, anajua kwa harufu tu kwamba kitunguu kimeanza kuungua. Anachokosa ni vitu vinne ambavyo nyumbani hakuna anayevidai: wingi, saa, ulinganifu na daftari. Sahani ya 80 ifanane na ya kwanza. Itoke saa 7 na nusu mchana kama mteja alivyoahidiwa. Na mwenye jiko ajue imemgharimu shilingi ngapi. Mafunzo yoyote utakayoyachagua, yapime kwa hivyo vinne. Kozi inayokupa mapishi mapya 50 bila kukufundisha hata kimoja kati ya hivyo itakuacha pale pale ulipokuwa, na cheti mkononi.

Chagua jiko kwanza, chuo baadaye

Majiko yanayoajiri hayafanani. Hoteli ya kitalii Arusha au Zanzibar ina vyeo, sare, zamu za usiku, na oda zilizoandikwa Kiingereza. Unaanza na ustewadi, yaani kuosha vyombo na masufuria, au ukomi, ambao ni upishi wa ngazi ya chini. Jiko la taasisi, kama shule ya bweni, hospitali au mgodi, hupika chakula kinachojulikana, kwa saa zinazojulikana, na mara nyingi jioni mtu yuko kwake. Mpishi wa shughuli hulala macho Ijumaa na Jumamosi, kisha akapumzika katikati ya wiki. Kambi za porini hukuchukua wiki nyingi mfululizo. Hizo zinamfaa mtu ambaye watoto wake wamejitegemea, lakini ni mateso kwa bibi anayelea wajukuu.

Kwa maoni yangu, watu wa miaka 40 na kuendelea hukimbilia hoteli kwa sababu ya sare na jina, wakaacha shughuli na taasisi ambako nafasi zao ni nzuri zaidi. Sehemu ya hoteli inayopika oda za moto usiku, sahani 60 ndani ya saa moja, inataka miguu ya kijana. Ukitaka hoteli hata hivyo, lenga kifungua kinywa na mikate. Kazi huanza kama saa 10 alfajiri na kuisha mchana, inadai utulivu na usahihi kuliko mbio, na vijana wengi huikwepa kwa sababu ya kuamka. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri miaka 20 ana faida pale.

Angalia pia majira. Masika, Aprili na Mei, kambi nyingi za kaskazini na hoteli kadhaa za ufukweni Zanzibar hufunga au hupunguza watu. Wageni huanza kuongezeka Juni na kuendelea hadi Oktoba. Ukienda kuomba nafasi Mei mwishoni utakuta orodha imeshajaa. Nenda Machi, wakati mameneja wanapanga nani watamrudisha na nani hawatamrudisha.

Zamu kabla ya ada

Kabla hujalipa senti kwa chuo chochote, tafuta mpishi wa shughuli anayeheshimika mtaani kwenu, umwombe uende naye kama kibarua. Utapewa kumenya vitunguu saumu, kuchambua mchele, kuosha masufuria. Kubali. Unatafuta kujua kama mwili wako na moyo wako vinaweza kazi hii saa nane za usiku, moshi ukiwa usoni na kamati ya harusi ikipiga simu kila baada ya muda mfupi. Nenda na daftari. Andika kilo za mchele, kilo za nyama, idadi ya watu, saa nyama ilipobandikwa na saa ilipoiva, kilichobaki na kilichopungua. Baada ya shughuli chache, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kitabu chochote cha mapishi utakachonunua.

Chukua mfano wa maji ya wali. Nyumbani unajua kilo yako moja inataka maji kiasi gani. Ukipewa kilo 20 ukazidisha maji mara 20, utatoa bokoboko. Mchele wenyewe hunywa maji yanayokaribia ujazo wake. Maji ya ziada unayoweka ni yale yatakayotoka kwa mvuke, na mvuke hufuata upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kuchemka, kilo haziuhusu. Sufuria ya kilo 20 haina mdomo mara 20 ya ule wa sufuria yako ya nyumbani, kwa hiyo maji ya ziada hayapandi kwa kasi ile ile. Ndiyo maana fundi wa pilau huacha kikombe na kupima kwa kina: maji yapande kiasi fulani juu ya mchele, basi. Maji yakikauka anafunika, anapalia makaa juu ya mfuniko, na kupunguza moto wa chini ili pilau iive kwa joto la juu na chini bila kushika. Mtazame anavyogusa mfuniko, anavyosikiliza sauti ya sufuria, anavyofukua pembeni kwa mwiko aone kama chini kumekauka. Hayo huwezi kuyapata darasani kwa wiki moja.

Viungo navyo havizidishwi kwa mkupuo. Karafuu, pilipili manga na hiliki zikipanda kwa hesabu ya moja kwa moja huweza kuzidi na kuleta uchungu kwenye sufuria kubwa. Weka theluthi mbili ya hesabu yako, onja supu kabla mchele haujaingia, kisha ongeza. Chumvi vivyo hivyo. Mchele ukishaingia, nafasi ya kurekebisha imepita.

Jifunze gesi mapema, hata kama fundi wako bado anatumia kuni. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Moto wa gesi hukusanyika katikati ya kitako cha sufuria. Aliyekulia kwenye mafiga, ambako moto unaulamba upande wote, ataunguza wali katikati huku pembeni ukiwa mbichi. Dawa yake ni sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, na bamba la chuma kati ya moto na sufuria wakati wa kukausha.

Mlango wa cheti

Ukishajua kazi unaiweza, tafuta cheti. Waajiri wa taasisi na hoteli watakiulizia, na mtu mzima asiye nacho hupangwa chini ya kijana aliye nacho, hata kama mkono wake ni bora.

Kwa Tanzania, mlango ninaoupendekeza kwa mtu mzima ni VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ina njia mbili zinazokuhusu. Ya kwanza ni kozi yenyewe, fupi au ndefu, inayopanda kwa ngazi za tuzo ya taifa ya ufundi, ya kwanza hadi ya tatu. Arusha, eneo la Njiro, VETA ina chuo kizima cha hoteli na utalii. Njia ya pili ndiyo iliyosahaulika, nayo ni kurasimisha ujuzi. Mtu aliyejifunza kazi mtaani huomba kupimwa. Watahini humwona akipika, humuuliza maswali, palipopungua hupewa mafunzo ya kuziba pengo, kisha hupewa cheti. Upishi ni miongoni mwa fani za mwanzo kuingizwa katika utaratibu huo. Mama lishe mwenye miaka kumi ya jiko hana sababu ya kukaa darasani mwaka mzima akifundishwa jinsi ya kuwasha moto. Aende aulize urasimishaji.

Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye makao yake Dar es Salaam, kinafaa aliyelenga hoteli kubwa, lakini kinaangalia cheti chako cha kidato cha nne na ufaulu wake. Kama ulikipoteza au hukumaliza, usikwame hapo. Ngazi ya kwanza ya VETA ni mlango mpana zaidi. Kwa aliye Kenya, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hupima mafundi kwa gredi, na Kenya Utalii College, iliyoanza mwaka 1975, hutoa pia kozi fupi kwa walio kazini. Jihadhari na jambo moja: programu nyingi za ufadhili na uanagenzi zinazotangazwa na serikali huwalenga vijana wasiozidi miaka 35. Uliza umri kabla hujajaza fomu, usije ukapoteza miezi ukisubiri jibu ambalo halikuwa lako.

Kuhusu mtihani wenyewe, nina mfano wa mbali unaofaa. Mmarekani Julia Child, ambaye baadaye aliwafundisha Wamarekani mapishi ya Kifaransa kwa vitabu na televisheni, aliingia shule ya Le Cordon Bleu mjini Paris mwaka 1949 akiwa na miaka 37, na akajikuta darasa moja na wanajeshi wa zamani. Alipika kwa bidii, akawapita wengi, lakini mwaka 1951 alianguka mtihani. Alikuwa amejiandaa kwa vyakula vigumu, wakati watahini waliuliza vile vya kawaida vilivyokuwa kwenye kijitabu cha shule, na vipimo vyake hakuwa amevikariri. Akarudia, akafaulu. Mtu mzima huanguka hapo hapo. Anajua samaki wa kupaka kuliko mtahini, ila hajui michuzi mama mitano ya Kifaransa wala hajui kwamba juliani ni vijiti vya milimita 3 kwa sentimita 5. Chukua mtaala, ukariri kilichomo, hata kinachokuudhi. Na usisahau kwamba Julia Child alikuwa na mume mwenye mshahara wa serikali ya Marekani. Wewe pengine huna, na hilo tutalifikia.

Mkono usioweka kitunguu kiganjani

Wengi wetu tumejifunza kukatia mkononi: kitunguu kiganjani, kisu kidogo, vipande vinaangukia moja kwa moja sufuriani. Kwa familia ya watu sita ni sawa. Kwa gunia ni hatari na ni polepole, na vipande havilingani, kwa hiyo vingine vinaungua vingine vikiwa vibichi. Hiki ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukiacha, kwa sababu mkono umekizoea miaka 30.

Nunua kisu kimoja kizuri cha sentimita 20 na jiwe la kunolea, kabla ya koti jeupe. Weka kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze. Kitunguu kikate katikati kupitia shina, kilaze upande bapa, vidole vya mkono unaoshika uvikunje ndani ili ubavu wa kisu ugusane na vifundo badala ya kucha. Usikimbie. Fanya kila siku kwa vitunguu vya chakula cha nyumbani, na vipande vyote vitoke sawa. Mwendo utakuja wenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukiuanza mwendo kabla ya ulinganifu, utajikata na bado utakuwa mzito kuliko komi wa miaka 20.

Hotelini utakuta mbao za rangi: nyekundu kwa nyama mbichi, buluu kwa samaki, kijani kwa mboga na matunda, na mara nyingi njano kwa kuku. Zikariri, kwa sababu kukatia kachumbari kwenye ubao mwekundu kunaweza kukufukuzisha kazi siku hiyo hiyo, na ni haki.

Usafi wa chakula ndipo ninapotaka mtu mzima abadilike zaidi, kwa kuwa ndipo mazoea ya nyumbani yanapoua. Wali uliobaki kwenye sufuria kubwa usiku kucha, ukapashwa asubuhi, ni kitu cha kawaida katika nyumba zetu. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu ya kutapisha inayotoka humo haiondoki kwa kupasha moto. Sufuria ya kilo 20 inaweza kubaki vuguvugu katikati hadi alfajiri. Kwa hiyo wali uliobaki utandaze kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, upoe haraka na uingie friji ndani ya saa mbili. Chakula kinachosubiri kuliwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kinachopashwa kifike nyuzi 70 hadi katikati. Hizo ni kanuni za Shirika la Afya Duniani, na kipimajoto cha chakula hakizidi bei ya kisu kizuri. Kiwe mfukoni mwako. Mpishi wa shughuli mwenye kipimajoto ni mpishi wa kumwita tena.

Pima afya pia kabla hujaambiwa. Anayegusa chakula cha watu anatakiwa kisheria kuwa na cheti cha afya, baada ya kupimwa choo, kifua, ngozi na mengineyo, na upimaji hurudiwa, maeneo mengi kila baada ya miezi 6. Kufika kwenye usaili ukiwa nacho kunaonyesha unaijua kazi.

Shefu mwenye umri wa mwanao

Hili halifundishwi chuoni, na ndilo linalowarudisha nyumbani watu wazima wengi kuliko moto wa jiko.

Utafika asubuhi, getini utakutana na kijana wa miaka 26. Atainama kidogo: “Shikamoo mama.” Utajibu, “Marahaba mwanangu, hujambo?” Dakika ishirini baadaye kijana huyo huyo amevaa kofia ya shefu, na sauti imebadilika: “Mama, changu sita, dakika nane! Sahani ziko wapi?” Nyumbani hakuna mtoto anayekusemesha hivyo. Damu itachemka. Utataka kumkumbusha kwamba ungeweza kumzaa.

Usimkumbushe. Jibu lake ni moja: “Sawa, Shefu. Sita, dakika nane.” Unarudia oda ili ajue umesikia, na unamwita kwa cheo chake. Ukimwita “mwanangu” mbele ya wenzake katikati ya oda, umemshusha, na jiko zima litaanza kukutafuta makosa. Getini ni mtoto wako, jikoni ni mkubwa wako, na akitoka tena getini atarudi kukuamkia. Watu wa kwetu tunaweza kabisa kuishi na heshima hizo mbili kwa siku moja. Mpwa anaweza kuwa mwalimu wa mjomba wake darasani na bado wakaelewana jioni.

Akikutukana, hilo ni jambo jingine. Ukali wa oda na tusi havifanani. Subiri zamu iishe, mfuate akiwa peke yake: “Shefu, naomba dakika mbili. Kazi niambie kwa sauti yoyote, lakini lile neno la mchana liliniumiza.” Nimeona maneno ya aina hiyo, yakitoka kwa mtu mzima aliyetulia, yakibadilisha jiko zima. Nawaomba na mashefu vijana wanaosoma hapa: mtu mzima aliyekuja kujifunza chini yako amemeza mengi hadi kufika mlangoni pako. Mwagize kazi kwa ukali wote unaotaka, lakini usimvue utu mbele ya watoto.

Wewe nawe usione haya kumwambia komi wa miaka 20, “Hebu nionyeshe tena ulivyomtoa samaki miba.” Vijana hupenda kuonyesha. Umebebeshwa ustewadi? Ufanye kwa ukamilifu. Anayeosha masufuria ndiye anayejua ni chakula gani kinaungua kila siku na ni sahani gani zinarudi na mabaki.

Miguu, macho, kiuno

Zamu ya jikoni ni kusimama saa nane hadi kumi kwenye sakafu ngumu yenye maji. Nunua viatu vilivyofungwa mbele vyenye soli isiyoteleza, saizi iliyozidi kidogo, maana miguu huvimba jioni. Kama daktari ameshakuandikia miwani ya kusomea, ivae jikoni. Gramu 5 na gramu 50 za hamira hufanana kwa macho yaliyochoka. Sufuria ya lita 50 usiibebe peke yako hata ukiwa na nguvu. Ita mwenzako. Mwenye presha au kisukari aongee na daktari kabla ya kuanza kazi ya joto, anywe maji kila saa, na asiruke mlo wake kwa kisingizio kwamba anaonja. Nimetaja haya kwa haraka kwa sababu ni rahisi kuyajua. Ugumu ni kuyafanya siku ambayo oda zimefurika.

Pesa zako zisikauke kabla hujaiva

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo hotelini baada ya darasa, mara nyingi haina mshahara, na wakati mwingine hata nauli ni yako. Kijana hula kwa mama yake. Wewe ndiye mama. Kwa hiyo usiache kazi uliyo nayo kwa sababu ya kozi ya jioni au ya mwisho wa wiki. Zifanye pamoja, hata kama itachukua muda mrefu. Ukifika fildi, uwe na akiba ya chakula na kodi ya miezi 6. Kama huna, anza na shughuli za Jumamosi, ambazo zinalipa kuanzia siku ya kwanza, kisha urasimishe ujuzi.

Na jifunze gharama tangu ungali kibarua. Tuseme umeombwa pilau ya watu 80. Mchele kilo 10 kwa shilingi 3,000 ni 30,000. Nyama kilo 6 kwa 11,000 ni 66,000. Mafuta, vitunguu, viungo na kachumbari, 24,000. Jumla 120,000, sawa na 1,500 kwa sahani. Wengi husimama hapo na kuuza kwa 2,500, wakidhani wamepata 1,000. Wamesahau gesi, vibarua wawili, bodaboda, sabuni, kukodi vyombo, na usiku wao wenyewe. Mahoteli mengi hulenga malighafi zisizidi kama theluthi moja ya bei ya kuuzia, na kanuni hiyo ingekupeleka 4,500. Mteja akikataa, punguza nyama na uongeze wali, lakini usipunguze hesabu.

Kumbuka pia kinachopotea njiani. Kilo 6 za nyama mbichi zikiiva hubaki kama kilo 4, kwa hiyo kila mtu atapata gramu 50, vipande viwili vidogo. Mwambie mwenye shughuli hilo mapema, siyo wakati wa kupakua. Changu mzima wa kilo moja, ukitoa kichwa, mifupa na ngozi, hukuachia gramu 400 hadi 450 za mnofu. Ukimnunua kwa 15,000, kilo ya mnofu imekusimamia zaidi ya 33,000. Mpishi anayejua hesabu hiyo kichwani hupandishwa cheo mbele ya yule anayejua kupamba sahani tu.

Ukiamua kujiajiri, omba malipo ya awali yanayotosha kununua vitu vyote kabla hujagusa sufuria, na uandikiane na mwenye shughuli, hata kama ni ndugu. Wanawake wanaweza kujiunga kikundi na kuomba mkopo usio na riba kutoka halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo hiyo, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, uulize masharti ya mwaka huu. Mkopo ununue majiko ya gesi na masufuria, usilipe madeni ya zamani.

Yote haya yanaanza na zamu moja. Wiki hii ulizia mtaani nani anapika shughuli ya Jumamosi, mfuate kabla ya Alhamisi, na umwombe akuchukue kwenye kumenya vitunguu. Peleka daftari na kisu chako mwenyewe.